Riwaya ya Kirusi Mbele ya Kamera: Anna Karenina na Hukumu ya Mji

 Katika mazungumzo yetu ya fasihi na sanaa, leo tunakuleteeni matini ya mazungumzo yaliyorekodiwa Mudhaibi, katika eneo la Sharqiyah nchini Oman, mbele ya wazee na vijana wasemao Kiswahili. Mada ni ugumu wa kuigeuza riwaya kubwa ya Kirusi kuwa filamu. Msemaji anaanza kama ifuatavyo.

Wazee wangu, ndugu zangu, na akina mama mtakaotusikiliza redioni, nakuamkieni nyote.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza: Urusi na Mudhaibi wapi na wapi? Huku kwetu theluji hatuijui, na gari la moshi la abiria halijawahi kupita. Lakini nina hakika kwamba wengi waliomo humu wameshawahi kumlilia mwanamke wa Kirusi bila ya kujua. Mnaikumbuka filamu ya Kimisri iitwayo Nahr al-Hobb, yaani Mto wa Mapenzi, iliyotoka mwaka 1960? Faten Hamama ni Nawal, mke wa Taher Pasha. Omar Sharif ni Khalid, afisa kijana. Na Zaki Rostom, kwa ile sura yake iliyokunjana, ndiye Pasha mwenyewe. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Ezz El-Dine Zulficar, ni riwaya ya Anna Karenina ya Lev Tolstoy iliyovishwa tarbushi. Vile vile mwaka 1974 mwongozaji Hossam El-Din Mostafa aliichukua riwaya ya Dostoevsky ya ndugu wa Karamazov akaifanya Al-Ikhwa al-A'da, Ndugu Maadui, na mwaka 1977 akaigeukia Uhalifu na Adhabu ya mwandishi huyo huyo. Kwa hivyo Warusi walikwisha kuingia majumbani mwetu zamani kwa mlango wa Cairo, nasi tukawakaribisha kama Waarabu wenzetu.

Leo nakusudia kuzungumzia hasa hiyo Anna Karenina, kwa sababu ndiyo iliyojaribiwa na watengenezaji filamu wengi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowashinda wengi zaidi.

Tolstoy aliichapisha riwaya hii kidogo kidogo katika jarida kuanzia mwaka 1875 hadi 1877. Ina sehemu nane. Kisa chenyewe, ukikisimulia kwa ufupi, ni cha kawaida mno: mwanamke wa tabaka la juu, aliyeolewa na mtumishi mkubwa wa serikali aliyempita sana kwa umri, anampenda afisa wa jeshi, anaiacha nyumba na mwanawe, na mwishowe anajitupa chini ya gari la moshi. Visa vya namna hiyo vimejaa kila mji. Jambo lililokifanya kitabu kile kuwa kikubwa ni kwamba katika mji wa Petersburg anaouchora Tolstoy kuna wanawake wengine wanaofanya hayo hayo aliyoyafanya Anna, na hakuna anayewaudhi. Yuko bibi mmoja aitwaye Betsy, binti wa kifalme, ambaye ana mpenzi wake na mumewe anajua, na kila jioni watu wakubwa wanakunywa chai sebuleni kwake. Kosa la Anna ambalo mji haukuweza kulisamehe ni kwamba alikataa kuficha. Mji ule ulikuwa tayari kuivumilia dhambi madhali imefungiwa mlango. Haukuwa tayari kumvumilia mtu anayeufungua.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote ninaotaka kuueleza. Katika riwaya, anayeshitakiwa ni mji. Katika filamu, aghalabu, anayeshitakiwa ni mwanamke mmoja mzuri wa sura. Kamera hupenda uso, na ukishautazama uso wa Greta Garbo kwa dakika tisini, umeshausahau mji.

Watu husema kwamba shida kubwa ni urefu wa kitabu. Ni kweli kwamba urefu ni shida, lakini si shida kubwa. Mwongozaji Sergei Bondarchuk alipoitengeneza Vita na Amani katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1960, alipewa filamu ya sehemu nne yenye zaidi ya saa saba, na jeshi likamkopesha askari kwa maelfu ili avirudie vita vya Napoleon. Akashinda tuzo ya Oscar. Kwa upande mwingine, Akira Kurosawa wa Japani, aliyeihamisha riwaya ya Dostoevsky, Mpumbavu, kutoka Petersburg hadi kisiwa cha Hokkaido mwaka 1951, alitengeneza filamu ya dakika 265, na kampuni iliyomlipa ikaikata mpaka ikabakia 166. Kwa hiyo mmoja alipewa nafasi, mwingine akanyang'anywa. Lakini hata ungepewa saa ishirini, bado ungelazimika kuamua jambo moja: ni nani anayetazama? Riwaya ina msimulizi, mtu anayejua yaliyomo katika moyo wa kila mmoja na anayepima uzito wa kila neno. Filamu haina mtu huyo. Ina jicho tu, na jicho halina maoni mpaka mwongozaji alipe.

Tazameni mfano wa tukio la jumba la opera, katika sehemu ya tano. Anna, baada ya kuvunja ndoa yake, anashikilia kwenda opera, naye amevaa vizuri, huku kila mtu akijua habari zake. Bibi aliyekaa chumba cha jirani anamtukana na kuondoka. Tolstoy hakutuonyesha tusi lenyewe. Tunamwona Vronsky, mpenzi wake, akiwa mbali, akitambua kutokana na nyuso za watu kwamba kuna jambo limetokea, kisha anapata habari kwa kuulizia. Yaani tunalipata tusi kwa namna tunavyozipata habari za fedheha hapa kwetu: kwa minong'ono, kutoka kwa mtu wa tatu. Watengenezaji filamu wengi hawawezi kujizuia. Huonyesha tusi waziwazi, na papo hapo fedheha ya mji mzima hugeuka kuwa ugomvi wa wanawake wawili.

Ni haki kumtaja hapa Mwingereza Joe Wright, ambaye filamu yake ya mwaka 2012, iliyoandikiwa mswada na Tom Stoppard, ilifanya jambo la ajabu. Aliliweka sehemu kubwa ya kisa ndani ya jumba la maonyesho lililochakaa, hata mbio za farasi zikakimbizwa jukwaani. Wengi walimcheka kwamba anajionyesha. Mimi naona aliufahamu ugonjwa vizuri kuliko waliomtangulia, kwani alitaka tusisahau hata kidogo kwamba watu hawa wanaishi wakitazamwa. Dawa yake ilikuwa kali mno, lakini ugonjwa aliujua.

Sasa tuje kwetu. Tuseme kijana mmoja wa Mudhaibi, au wa Sinaw, au wa Samad al-Shaan, anataka kuifanya filamu riwaya hii kwa watu wetu. Atakumbana na nini?

Yako mambo yatakayokuwa mepesi kwake kuliko kwa Mmarekani. La kwanza ni majina. Wasomaji wa Ulaya hulalamika kwamba majina ya Kirusi hayashikiki, kwa kuwa kila mtu anaitwa kwa jina lake na la babake. Sisi hatuna haja ya kufundishwa hilo. Anna Arkadyevna ni Anna binti Arkady, na nduguye Stepan Arkadyich ni Stepan bin Arkady, kwisha. Hata ile ajabu ya kwamba mume wa Anna na mpenzi wake wote wawili wanaitwa Aleksei, jambo ambalo filamu nyingi hulipitia mbali kwa kuhofia kuwachanganya watazamaji, kwetu halimshangazi mtu. Katika sabla moja unaweza kuwakuta akina Salim saba. Na Tolstoy hakuliweka bure. Anna alipokuwa mgonjwa wa kufa, akiweweseka, aliiona hiyo kuwa ni hatima ya kutisha, kwamba wote wawili ni Aleksei.

La pili ni shamba. Nusu ya kitabu kile haimhusu Anna hata kidogo. Inamhusu Levin, mwenye shamba, anayegombana na wafanyakazi wake juu ya namna ya kulima, anayekata majani pamoja nao kutwa nzima kwa fyekeo la mpini mrefu mpaka anajisahau, na anayejiuliza usiku ni haki gani imempa yeye ardhi na wao wasiwe nayo. Watengenezaji filamu humkata Levin bila huruma. Husema kwamba mtazamaji hakuja kuangalia kilimo. Labda ni kweli mjini Los Angeles. Lakini mweleze mzee wa hapa, aliyekulia kwenye mgao wa maji ya falaji, ambako zamu ya maji hurithiwa, hukodishwa na kugombaniwa kwa dakika, kwamba mgogoro wa mwenye shamba na mfanyakazi hauna msisimko! Naye mzee mwenzake, ambaye babake alikuwa na mikarafuu Unguja au Pemba, swali la Levin la haki ya kumiliki ardhi litamchoma kwa namna ambayo hakuna mtazamaji wa Ulaya atakayeihisi, kwa sababu kwetu swali hilo lilijibiwa kwa damu mwaka 1964. Filamu ya Anna Karenina itakayotengenezwa Sharqiyah ikamkata Levin itakuwa imelikata swali ambalo watazamaji wake wangekuwa na la kulijibu.

La tatu, ambalo ni gumu zaidi, ni sheria. Mtazamaji wetu atauliza mara moja: kwa nini hakuomba talaka? Ni swali la haki. Katika Urusi ya wakati ule talaka ilikuwa mikononi mwa Kanisa, sababu za kuipata zilikuwa chache, uzinifu ulihitaji ushahidi wa macho, na aliyepatikana na hatia hakuruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Kitabu kizima kimeegemea ukuta huo. Ukimleta Anna katika nchi ya Kiislamu, ambako talaka ipo na khului ipo, ukuta unaanguka na kisa kinaanguka nao, isipokuwa ujenge ukuta mwingine mahali pale pale.

Wamisri walilifahamu hilo vizuri sana. Katika Nahr al-Hobb ukuta mpya ni Pasha mwenyewe: talaka iko katika ulimi wake, naye hataki kuitamka, na mtoto anakuwa kamba ya kumfungia mama. Ni badiliko la akili. Lakini angalieni kilichotokea kwenye mashitaka. Katika kitabu Karenin si dhalimu. Ni mtu mkavu, mwoga wa aibu, ambaye kwa siku chache, Anna alipokuwa mahututi, alisamehe kwa moyo kiasi cha kumshangaza hata yeye mwenyewe. Katika filamu Pasha ni Pasha. Na vyeo vya Pasha vilifutwa Misri baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, kwa hiyo watazamaji wa mwaka 1960 waliweza kumchukia kwa raha zao, kama mtu wa utawala uliokwisha ondoka. Mshitakiwa alipatikana, akahukumiwa, na mji ukarudi nyumbani ukiwa safi.

Sisemi kwamba kazi yao ilikuwa bure. Faten Hamama huyo huyo, mwaka 1975, aliigiza katika Uridu Hallan, filamu ya mwanamke anayezunguka mahakamani akitafuta talaka, na filamu hiyo hutajwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mageuzi ya sheria ya ndoa ya Misri mwaka 1979. Sheria ya khului kupitia mahakamani ilikuja huko mwaka 2000. Yaani hoja iliyoanzia kwa Tolstoy, ikapitia kwa Pasha, iliendelea kutembea. Lakini ilitembea kama hoja ya sheria, wakati hoja ya Tolstoy ya jamii inayosamehe siri na kuadhibu uwazi ilibakia Urusi.

Kabla sijauacha upande huo, niseme neno juu ya Omar Sharif. Miaka mitano baada ya kuwa Vronsky wa Kimisri alikuwa Doctor Zhivago katika filamu ya David Lean, ya mwaka 1965. Riwaya ya Pasternak ilikuwa imepigwa marufuku katika Umoja wa Kisovieti; ilichapishwa Italia mwaka 1957, na kwao haikuchapishwa hadi mwaka 1988. Kwa hivyo filamu ilitengenezwa hasa Hispania, ambako baridi haikufika ya kutosha, na sehemu ya theluji mnayoiona ni unga wa marumaru. Watu hupenda kukisimulia kisa hicho cha marumaru kama dosari. Mimi theluji ya uongo hainikeri hata kidogo. Linalonikera ni kwamba Zhivago ni mshairi, riwaya inamalizika kwa mashairi yake 25, na katika filamu ya zaidi ya saa tatu tunamwona akiandika usiku kwa mkono unaotetemeka kwa baridi, lakini hatusomewi hata beti moja. Watu wa Kiswahili hatuwezi kulikubali hilo. Kwetu sisi mshairi asiyesikika ni sawa na mwimbaji aliyefungwa mdomo.

Na hapo ndipo penye suala la lugha, ambalo naomba tulikalie kidogo. Warusi wa tabaka la juu katika riwaya za Tolstoy huzungumza Kifaransa. Vita na Amani inaanza kwa Kifaransa. Katika Anna Karenina kuna mahali ambapo Vronsky anatumia Kifaransa na Anna kwa sababu Kirusi kinamlazimisha achague kati ya "wewe" ya heshima, ambayo ni baridi mno, na "wewe" ya mapenzi, ambayo ni ya hatari. Jambo dogo namna hiyo hubeba uzito wa sura nzima, na filamu ya Kiingereza, ambamo wote huzungumza Kiingereza, hulipoteza bila ya kujua kwamba limepotea.

Sisi je? Humu tulimo tunajua maana ya kuishi kwa lugha mbili. Sablani tunaamkiana kwa Kiarabu, jikoni mama zetu wanazungumza Kiswahili. Mwanzoni unaweza kudhani kwamba tumepata tunachokitafuta, kwamba Kiswahili kitakaa mahali pa Kifaransa. Lakini ukitazama vizuri, mizani imepinduka. Kifaransa kilikuwa lugha ya majivuno, aliyekijua alijiona bora. Kiswahili kwa wengi waliorudi kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970 kilikuwa lugha ya kumtambulisha mtu kuwa amekulia nje, na wako waliokificha mbele ya watu. Kwa hiyo Anna wetu hatazungumza Kiswahili ili ajivune. Atakizungumza na mtu mmoja tu, katika chumba kimoja tu, kwa sababu humo ndimo asimohukumiwa. Na siku atakapokizungumza kwa sauti mbele ya wageni, mtazamaji wa hapa atajua, bila ya kuelezwa, kwamba amefungua mlango ambao mji ulitaka ufungwe. Hilo Garbo asingeweza kulifanya. Vivien Leigh asingeweza. Ni mali yetu.

Si kwamba Kiswahili hakijajaribiwa. Ipo riwaya yetu iliyopita njia hiyo hiyo: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Walioisoma wanamkumbuka Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, aliyeozwa kwa Raza, mfanyabiashara aliyevuka miaka 50. Anapelekwa Mombasa, anatoroka kurudi Unguja, ndugu zake wanamfungia mlango, na anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, mwanamke maskini wa taarabu na vicheko. Huko anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru dhidi ya Waingereza, na ambaye, kwa bahati njema kwa mazungumzo yetu, amerudi kutoka masomoni Urusi. Mke kijana wa mume mzee, mpenzi anayewindwa, jamii inayofunga milango: Yasmin ni dada yake Anna, ila yeye Mungu alimjaalia Mwajuma. Mimi nathubutu kusema kwamba lau Anna angekuwa na Mwajuma mmoja, asingelifika kwenye reli.

Mwongozaji Amil Shivji aliifanya filamu, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwezi Septemba 2021, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Ni filamu ya Kiswahili. Ina dakika 92. Riwaya nzima, yenye safari za Mombasa na Bara, na kundi zima la watu wa mitaani, haiwezi kuingia katika dakika hizo, na Shivji alichagua kubakia karibu na Yasmin na Denge katika Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Wako waliolalamika kwamba wamekosa ucheshi wa kitabu, maana Adam Shafi ni msimulizi mwenye maneno mengi na hupenda kumcheka kila mtu. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini filamu ilipata njia ya kusema yasiyosemeka, nayo ni taarabu. Aliyepewa nafasi ya Mwajuma, Siti Amina, ni mwimbaji hasa, na anapoimba mtazamaji wa pwani anajua kwamba maneno yale yana mlengwa. Hilo ndilo jibu letu kwa swali linalowasumbua waongozaji wote wa riwaya za Kirusi: mawazo ya ndani utayaonyeshaje? Kule hutumia sauti ya msimulizi iliyobandikwa juu ya picha, na mara nyingi huchosha. Sisi tuna fumbo. Tuna wimbo unaorushwa, tuna kanga inayovaliwa makusudi siku fulani mbele ya mtu fulani. Mji wetu husemana hivyo, na kamera inaweza kuyaona.

Hata hivyo, mshitakiwa katika Vuta N'kuvute ni rahisi kumpata. Ni Inspekta Wright na serikali yake. Mwingereza ameshaondoka kama Pasha alivyoondoka, na mtazamaji anaweza kumchukia bila ya kujigusa. Swali la nani aliyemfungia Yasmin mlango lipo kitabuni kwa ukali zaidi.

Kwa upande wa Oman, riwaya inayolikaribia jaribio hili ni ya Jokha Alharthi, Sayyidat al-Qamar, iliyotoka mwaka 2010, na ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2019, ikiwa riwaya ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiarabu kuipata. Kijiji chake, al-Awafi, ni cha kubuni, lakini mtu wa bara la Oman haulizi kiko wapi. Ndani yake hakuna Pasha wala Inspekta wa kubebeshwa mzigo. Yuko Zarifa, aliyezaliwa mtumwa, na yuko tajiri aliyemmiliki, na yuko mtoto wa tajiri aliyelelewa naye na ambaye, akiwa mtu mzima angani ndani ya ndege, bado hajui ampende vipi. Utumwa ulifutwa Oman mwaka 1970, yaani wamo humu waliouona. Kitabuni Zarifa ni maneno, na kila msomaji anamchora faraghani. Siku atakapokuwa na uso kwenye skrini, uso huo utafanana na wa mtu tunayemjua, na sabla itanyamaza.

Hili la uso ndilo la mwisho ninalotaka kuligusa, na najua ni zito. Msomaji husoma peke yake. Filamu inahitaji mwanamke halisi asimame mbele ya kamera awe Anna, na katika wilaya ambamo kila mtu anamjua baba wa kila mtu, mwanamke huyo hatatazamwa kama mwigizaji tu. Watasema: huyo ni binti wa fulani. Mji utamhukumu mwigizaji kwa makosa ya mhusika. Basi mwongozaji wetu, kabla hajawasha taa, atakuwa ameshakiona kisa cha Tolstoy kikitendeka nje ya mswada wake. Ushauri wangu kwake ni kwamba asikimbie. Awaweke watu wanaosema maneno hayo ndani ya filamu: wanaosimama mlangoni, wanaopiga simu, wanaoulizia kwa upole.

Nimeulizwa na kijana mmoja hapo mbele kabla hatujaanza: bila ya gari la moshi filamu itaishaje? Filamu karibu zote huishia relini. Ile isiyo na sauti ya mwaka 1927, aliyoigiza Garbo, ilitengenezewa hata mwisho wa pili, wa furaha, kwa ajili ya watazamaji wa Marekani: Karenin anakufa, wapenzi wanakutana tena. Lakini Tolstoy hakuishia relini. Anna anafariki mwishoni mwa sehemu ya saba, na bado iko ya nane. Humo tunamkuta Vronsky stesheni, karibu miezi miwili baadaye, akienda vitani Serbia, akiumwa na jino. Pembeni yuko mama yake, bibi mkubwa, ambaye ujanani mwake yeye mwenyewe hakuwa na haya, naye anamwelezea msafiri mmoja kwamba yule mwanamke alikuwa mbaya na hata kifo chake kilikuwa cha mwanamke mbaya. Msafiri anajibu kwa upole kwamba si kazi yetu kuhukumu, kisha mazungumzo yanageukia mambo mengine.

Mimi ningeishia hapo. Reli haihitajiki. Inatosha ukumbi wenye zulia, birika la kahawa linalozunguka, bibi mmoja mzee anayesema maneno yale kwa sauti ya chini, na wenzake wanaoitikia kwa vichwa, kamera ikipita uso hadi uso bila ya haraka.

 Sasa nayasubiri maswali yenu.